Gari Lenye Kitanda

Mimi sikusoma. Nilifika darasa ambalo mtoto anajua kuandika jina lake na kuhesabu ng'ombe wa baba yake, nikaacha, na ng'ombe wenyewe walikuwa wachache. Nasema hivi mapema ili mtu asitafute hapa maneno ya kupamba. Kila nilichonacho nimekipata kwa mikono hii, na magari nimeyajua kwa kulala chini yake. Ninachoandika ni habari ya mipira ya petroli ya gari moja, na habari ya mama yangu. Siwezi kuandika moja nikaacha nyingine.

Gari lilikuwa la Mzungu mmoja aliyetafuta dhahabu Sekenke, wakati wa Mwingereza, baada ya vita kuu ya pili. Migodi ile ilikuwa imekwisha kuchoka, lakini yeye aliamini upo mshipa ambao wenzake hawakuuona. Hakutaka kujenga nyumba. Alichukua gari kuukuu la mizigo, akalifunika nyuma kwa mbao na bati, akaweka ndani kitanda, kabati, pipa la maji na jiko la mafuta ya taa, lile la kupiga pampu. Alilala humo, alipika humo, na masika alinyolea ndevu humo. Watu wa Sekenke walimwita Konokono. Mimi nilianza kwake kwa kusukuma gari lilipokwama, nikawa utingo, nikawa dereva, na mwisho nikawa fundi, kwa sababu kule porini hapakuwa na mtu wa kutuokoa. Dhahabu ilipomshinda aliondoka kwa lori la watu wengine, gari akaniachia. Watu walisema Mzungu yule alinipenda sana. Hakunipenda. Aliniachia kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuliwasha.

Gari kuukuu huvuja petroli, na hili lilivuja kuliko mengine. Tangi lilikuwa chini ya kitanda. Kutoka hapo bomba jembamba la shaba lilikwenda mbele hadi kwenye pampu, na kutoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta. Gari likitikisika shaba hukatika, kwa hiyo kwenye maungio huwekwa vipande vya mpira vinavyokubali kupinda. Vipande hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza. Jua la kwetu linavikausha, vinapasuka kama kisigino cha mchunga ng'ombe, na petroli inatoka tone kwa tone. Nilipokuwa peke yangu sikujali. Nilifungua madirisha nikaendesha.

Mwaka mmoja, gari likiwa tayari langu, mama alilazwa hospitali ya misheni huko Iramba, na kwetu ni upande wa Mtinko. Tumbo lilikuwa limevimba, miguu imekuwa myembamba, na rangi yake imegeuka. Mjomba wangu, mdogo wake wa kuzaliwa naye, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alikuwa mtu wa nyuki, mwenye mizinga mingi msituni, mkimya. Aliacha mizinga yake akaenda kulala chini kwenye kibanda cha wauguzaji ili ampikie dada yake uji. Yeye ndiye aliyenitumia habari kwamba muuguzi amesema hakuna dawa iliyobaki, na kwamba mama anataka kwenda kwake.

Kusema "kwake" tu hakutoshi, lazima nieleze. Katika ukoo wetu mtu aliyefia nje ya nyumba alikuwa haingizwi tena ndani. Awe amefia shambani, njiani au hospitalini, hulazwa uani juu ya ngozi, na huliliwa uani mpaka azikwe. Wazee wetu hawakuwa na mjadala katika hilo. Na mama alikuwa na nyumba yake, tembe aliyoikandika mwenyewe baada ya baba kufa, udongo wa ukutani na udongo wa juu ya paa, mvua kwa mvua, wakati shemeji zake wanamwambia arudi kwao. Hakurudi kwao. Alitaka kufia ndani ya kuta zile. Hakutaka kitu kingine, hata maji ya kunywa alikuwa haombi.

Mgonjwa wa namna ile hawezi kukaa juu ya magunia kwenye lori. Lazima alale. Na gari lenye kitanda, katika nchi yote ile, lilikuwa langu.

Nilifika hospitali asubuhi, nikamkuta mjomba anaosha sufuria.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja na nyumba yako mgongoni."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko anakungoja. Tangu jana amevaa nguo za safari. Ukimwambia kesho, mwambie mwenyewe, mimi simo."

Tulimbeba mimi na mjomba, na nilipomwinua nilitaka kulia, kwa kuwa sikusikia uzito. Tukamlaza kwenye kitanda cha Konokono. Hata kabla sijafunga mlango alianza kukohoa, kisha akatapika ule uji wote. Harufu ya petroli ilikuwa inapanda moja kwa moja kutoka chini ya kitanda. Tukamtoa tena nje, tukamlaza kivulini.

Alipopata pumzi akaniambia, "Gari lako linakojoa."

"Litaacha, mama."

"Nimelea vikojozi wengi, na wewe ukiwa mkubwa wao. Wote waliacha. Hili ni zee, haliachi."

Mjomba alicheka, mimi sikucheka. Nikavua shati nikaingia chini ya gari.

Nilikata mipira yote mitatu iliyokuwa imekufa. Dukani kwa Mhindi palikuwa na mpira wa petroli wa kweli, mzito, mpya, lakini tundu lake lilikuwa kubwa kuliko bomba langu. Saizi nyingine hakuwa nayo, na kuagiza Singida mjini maana yake ni kungoja. Mama hakuwa mtu wa kungojea kitu tena. Nikachukua ule uliokuwapo. Bomba jembamba ndani ya mpira mpana ni kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake, kwa hiyo nikalinenepesha. Nilizungusha uzi wa kushonea magunia kwenye ncha ya bomba, nikaupaka sabuni ya mche mpaka ukawa laini, nikasukuma mpira juu yake, nikafunga kwa waya na kukaza kwa koleo. Sabuni haiogopi petroli. Maji yanaiyeyusha, petroli haiyeyushi. Hili nilijifunza kwenye barabara ya Sekenke, siku tangi lilipotoboka kwa jiwe na tukaliziba kwa kipande cha sabuni ya kuogea ya Mzungu.

Kiungo cha tangi kikakauka. Kiungo cha pampu kikakauka. Cha juu, kile kinachoingia kwenye kabureta, kikakataa. Nilikifungua nikakifunga upya, kikadondosha. Nikaongeza uzi, kikadondosha. Na waya wangu ukawa umekwisha. Nikamwambia mjomba amwangalie mama, nikarudi dukani kutafuta waya mwingine.

Niliporudi, mjomba alikuwa amesimama mbele ya gari anajifuta mikono kwenye kaniki yake.

"Nimekusaidia kukaza," akasema.

Nikapitisha kidole chini ya kiungo. Kikavu. Nikawasha injini, nikaiacha inguruke, nikapitisha kidole tena. Kikavu kama mfupa. Mjomba alikuwa na mikono ya kufunga mizinga juu ya miti kwa kamba za magome, mizinga inayokaa huko miaka bila kuanguka. Sikushangaa. Nikazungusha waya wangu juu ya kazi yake, nikamwambia, "Mjomba, ungekuwa fundi wewe."

"Fundi ni wewe. Mimi nimekaza tu."

Tukamrudisha mama ndani. Safari hii hakukohoa. Alilala akiangalia bati la juu, kisha akasema hapanuki kitu, na nikajiona mtu mkubwa duniani. Tukaondoka jua likiwa bado la chini.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Sioni aibu kusema nilifurahi. Mlango wa nyuma tuliufunga nusu ili upepo uingie, mjomba alikaa sakafuni ameshika kitanda kisiruke, na mimi niliendesha polepole kwenye makorongo kama nabeba mayai. Nilisikia sauti zao kupitia dirisha dogo la nyuma ya kiti. Mama alikuwa anaulizia watu. Fulani yupo? Amekufa. Na yule mwenye jicho moja? Naye. Mama akasema, "Basi nyumbani mmebaki nani, ninyi na mbuzi?"

Tulipoingia mbugani jua lilikuwa limesimama kichwani. Huko hakuna mti wa maana, ni nyasi na udongo mweusi uliopasuka, na joto linatoka chini kama linavyotoka juu. Hapo injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikafa.

Nilitazama kwanza chujio la petroli, lililo kwenye pampu. Safi. Nikafungua kabureta, nikatoa jeti, yaani kile kimsumari chenye kitundu kinachopitisha petroli, nikakuta kitundu kimeziba kwa uchafu wa rangi ya manjano. Nikadhani ni takataka za madebe, maana petroli ya siku zile ilikuja kwenye madebe na madebe yalikuwa na mambo yake. Nikapuliza, nikarudisha, gari likawaka. Tukaenda mwendo mfupi. Likafa tena. Nikafungua, manjano ileile, nikapuliza, tukaenda, likafa.

Mama akaniita. Nilikwenda dirishani na mikono yangu michafu.

"Tumefika wapi?"

"Bado mbali, mama."

"Mtu mwingine angesema tumekaribia."

"Mtu mwingine hangejua kutengeneza gari."

"Na wewe unajua?"

Nilijifuta mikono kwenye suruali nikamtazama. Alikuwa anapumua kwa kifua cha juu tu, na midomo yake imekauka. Mjomba alikuwa anamdondoshea maji kwa kidole. Mama akasema taratibu, kwa lugha ya kwetu, "Msinilaze uani." Hakutuangalia alipokuwa akisema. Aliangalia bati.

Nikarudi mbele. Hofu ilikuwa imeniingia, na mtu mwenye hofu anavunja vitu, kwa hiyo nilijilazimisha kufanya polepole. Nikajiuliza: chujio ni safi, na uchafu uko kwenye kabureta. Basi uchafu unaingia katikati, baada ya chujio. Na katikati hapo hakuna kitu isipokuwa kiungo kile cha juu. Nikakata waya wangu, nikavuta mpira.

Ndani ya mpira palikuwa na kitu laini, kimelainika kama ugali wa mtoto. Nikakisugua kati ya vidole, nikanusa. Chini ya petroli kulikuwa na harufu ya asali.

Nikamwita mjomba. Akashuka, akaja.

"Mjomba, hii nta ni yako?"

"Ni yangu," akasema, na akaiangalia vizuri. "Nta safi hiyo. Nilikuwa nayo mfukoni."

"Ulisema umekaza."

"Nimekaza. Sasa unakazaje kitu kinachovuja bila nta?"

Na hapo alikuwa sawa kabisa, kwa akili ya kwetu. Kwetu kibuyu kikipasuka tunakipaka nta. Mtungi ukipata ufa, nta. Mfuniko wa mzinga, mpini wa jembe unaolegea, ngoma inayotoa upepo, vyote nta. Mtoto wa kwetu anajua nta kabla hajajua sabuni. Mjomba hakunificha kitu. Kwake kukaza na kupaka nta ilikuwa kazi moja, kama kula na kutafuna. Alijaza nta yake ndani ya mpira, akausukuma bombani, akaminya mpaka kukatulia, na maji yasingepita pale mpaka Kiyama.

"Petroli inayeyusha nta," nikamwambia.

"Maji hayayeyushi."

"Petroli si maji, mjomba."

"Hata ikiwa ya baridi?"

"Ya moto ndiyo mbaya zaidi. Inaikokota nta mpaka kwenye kabureta, na kule inaziba."

Alinyoosha mkono akachukua kile kipande cha nta, akakitia mfukoni, sijui kwa nini. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ni hiyo inayotusimamisha?"

Nikasema ndiyo. Ningeweza kusema vinginevyo, lakini mimi husema kitu kilivyo.

Akasema, "Nipe kazi."

Nikampa kazi. Yeye alishika mpira, mimi nikaukwangua ndani kwa kijiti, tukausuuza kwa petroli ya debe, tukaukwangua tena. Nta haitoki kwa hasira, inatoka kwa kurudiarudia. Nilisafisha kabureta yote, nikazibua jeti kwa unywele mmoja wa mkia wa ng'ombe niliouchomoa kwenye usinga wa mjomba, ule wa kufukuzia nzi. Nikakata ncha ya mpira iliyoharibika, nikazungusha uzi mpya na sabuni, na kitambaa chembamba juu ya uzi, nikafunga. Mjomba alishikilia kwa mikono yote miwili wakati nakaza waya. Jasho lake lilidondokea injini. Wote wawili tulikuwa mbele ya gari, tumeinama, na kwa muda ule wote hakuna aliyekuwa nyuma.

Gari likawaka kwa mara ya kwanza tu. Likanguruma vizuri kuliko siku zote nilizokuwa nalo. Hakuna tone lililoanguka.

Mjomba ndiye aliyepanda nyuma. Nilimsikia anamwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Akaita tena. Kisha akagonga lile dirisha dogo kwa kidole, polepole, kama mtu anayeomba kupita.

Sitaandika nilivyofanya pale mbugani. Injini ilikuwa inaendelea kunguruma, na nilichukia mlio ule, na mpaka leo ninauchukia.

Baadaye mjomba alikuja akakaa mbele kando yangu. Tulipoanza kupanda kuelekea kwetu akasema, "Mpwa wangu, tumwingize."

"Wataona."

"Tutambeba ameegemea kifua chako. Nitamfunika kichwa. Tutasema amelala, amechoka njia. Akishaingia, tutalia usiku. Nani atajua?"

"Mungu atajua."

"Mungu hakatazi. Wanaokataza ni sisi watu." Akafuta uso wake. "Nifanyie hilo. Sikuombi kingine mpaka ninakufa."

Sikumjibu, na kutokujibu kwangu alikuchukua kuwa ndiyo. Labda ilikuwa ndiyo. Niliendesha nikiyatafuna yale maneno, amelala, amechoka njia, nikiyazoea mdomoni.

Tulifika jua likishuka. Watu walikuwa wametusikia kutoka mbali, wakawa wamekusanyika. Wanawake walikuwa wamefagia uwanja na mlango wa tembe ulikuwa wazi, na moshi ulionekana ukitoka, maana walikuwa wamemwashia moto ndani. Nilimwinua mama kama nilivyomwinua asubuhi hospitalini. Kichwa chake niliegemeza begani kwangu, mjomba akavuta kaniki ikamfunika mpaka kwenye paji la uso. Tukatembea. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele cha kumpokea.

Baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama kando ya mlango, hakuuziba. Akauliza, "Anaendeleaje?"

Mjomba akasema upesi, "Amelala. Njia imemchosha."

Baba mdogo hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi, mwana wa nyumba ile. "Mwanangu, amelala?"

Yale maneno yalikuwa mdomoni. Nilikuwa nimeyatafuna njia nzima. Watu wamesema tangu siku ile kwamba mimi siwezi kusema uongo, na wamenisifu kwa hilo hata mbele ya watoto wangu. Si kweli. Nimesema uongo mwingi, kwa Wazungu, kwa askari, kwa watu wa magari. Siku ile sikusema chochote kwa sababu nilikuwa nimechoka mikono na mama alikuwa ameanza kuwa mzito. Nilisimama tu. Baba mdogo akangoja, na alipoona sisemi, akainamisha kichwa.

"Toeni ngozi nje," akawaambia wanawake.

Kigelegele kikakatika. Mjomba alipiga magoti pale pale mlangoni, akamshika baba mdogo miguu, mzee kwa mzee, akawa anasema neno moja tu, nta, nta, na watu hawakumwelewa. Wakadhani huzuni imemvuruga. Sikuwaeleza.

Nilimlaza mama uani. Nilimnyoosha miguu mwenyewe, nikamfunga kidevu kwa kitambaa. Kisha nikaingia ndani ya tembe yake peke yangu. Kitanda chake cha kamba kilikuwa kimetandikwa. Kulikuwa na kibuyu cha maji upande wa kichwani, kipya, bado kinanukia kuoshwa. Moto ulikuwa unawaka vizuri, kuni kavu, za kutosha mpaka asubuhi. Nilikaa kando ya moto ule kwa sababu nilitaka mtu mmoja wa kwetu auote. Nje walianza kulia. Nilisikia mjomba akilia juu ya wengine wote, na nikabaki nimekaa mpaka kuni zilipokwisha.